Okidi Iliyopelekwa kwa Dume

Zamani mwanamume wa Mara akikwambia ana mifugo ishirini na kitu nyumbani, ulikuwa unamwuliza swali moja tu: ng'ombe au mbuzi? Siku hizi ongeza jibu la tatu. Anaweza akawa kama Burito, jirani yangu wa Nyasho, Musoma, ambaye mifugo yake yote inakaa kwenye vyungu.

Maua. Mtu mzima, kifua kama mlango wa kanisa, sauti ya kuamuru ng'ombe ng'ambo ya mto, duka lake la nyavu na kamba za uvuvi liko mjini kabisa, na jioni akifunga duka anakimbilia nyumbani kuangalia maua.

Tena si haya maua ya kupita tu ukasema, aa, maua. Ni okidi, na katika okidi ni zile za kiatu. Ua lake lina mfuko mbele, umetuna, unafanana kabisa na ndara ya mtu mwenye mguu mfupi mnene. Juu ya mfuko kuna kipande kimesimama kama kofia ya askofu, kina mistari. Ubavuni kuna mikono miwili iliyonyooka, ina vinyweleo na vidutu vyeusi. Ukiliona mara ya kwanza unatafuta namba ya daktari. Burito akiliona anavua kofia.

Na linatoka moja tu. Mti mmoja, ua moja, kwa mwaka, kama siku hiyo umeamka vizuri na Mungu. Miezi mingine yote unaangalia majani. Burito ana kipaji hicho. Anaweza kuangalia majani mpaka majani yenyewe yakaona aibu.

Ugonjwa huu aliupata Arusha. Alikwenda kwenye mahafali ya mpwa wake, akafikia kwa watu wenye bustani, akarudi na vyungu vitatu mapajani. Ukimwuliza mpwa alihitimu nini, anakuna kichwa. Ukimwuliza habari za chungu kimojawapo, vua viatu ukae, hutoki leo.

Vyungu vitatu vikawa saba, saba vikaita wenzao. Na wote hawa ni watu wa masharti. Jua kali hawataki, wanataka kivuli. Upepo wanataka, lakini usiwe wa kuwasukuma. Udongo hawataki, wanapandwa kwenye vipande vya magome na mkaa kama wanaandaliwa kuchomwa. Maji ya bomba yanawaudhi, wanakunywa ya mvua. Kwa hiyo pale kwa Burito watoto wanaoga maji ya bomba, na pipa la maji ya mvua lina kufuli.

Sasa, katika boma lote la Burito sehemu yenye kivuli, hewa na nafasi ilikuwa moja: banda la kuku la mkewe, Matrida. Ilitokea kwamba Matrida amemaliza kuuza kuku wake wa nyama, banda limefagiliwa, limepakwa chokaa, linasubiri vifaranga. Burito akaliomba kwa wiki moja.

Hiyo wiki ina mwaka na zaidi sasa, bado inaendelea vizuri.

Lakini kuna sababu ya wazimu huu, na ni haki niiseme kabla hujamaliza kucheka. Kwao Burito ni Nyamuswa, kule Bunda, kwenye ukoo wa ng'ombe. Kikao cha ukoo kikikaa, viti vinafuata mazizi. Mwenye zizi kubwa anakalia kiti chenye mgongo, mwenye la kati anakalia kigoda, na Burito, ambaye hana hata ndama wa kusingiziwa, anakalia benchi la mlangoni, pale ambapo kila anayepita anamwomba ausukume mlango. Mtu aliyesukuma mlango miaka yote hiyo, siku akipata kitu ambacho ukoo mzima hauna, utamwambia nini?

Ndiyo maana maua yake ameyapa majina ya zizini. Yuko Mabaka, yuko Kipara, yuko Mkia Mfupi. Na yule aliyekuwa juu ya wote, wa majani yenye madoa kama ngozi ya chatu, aliitwa Mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa. "Mtamba wangu," Burito alikuwa anasema, na wateja wa nyavu wanampa heshima wakidhani kuna ng'ombe.

Basi akaingia pia kwenye kundi la simu la wapenda okidi wa Kanda ya Ziwa. Kundi lina watu tisa, watatu kati yao wakiwa Burito kwa laini tofauti, ili picha zake zisikose wa kuzisifia. Humo ndimo alimokutana na Mugeta wa Bunda, muuza spea za pikipiki, mfugaji wa okidi mwenzake na adui yake mpendwa. Na humo ndimo Bi Gloria wa Mwanza alimotangaza safari yake.

Bi Gloria ana bustani inayojulikana, na huwa anawatembeza wapenda maua wenzake kwenye nyumba za watu wenye vitu vya kuonyesha. Akasema anatafuta nyumba moja Mara ya kuweka kwenye ziara zake. Moja tu. Angepita Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Burito alijibu kwa laini zote tatu.

Jioni ile nilikuwa upande wangu wa ukuta, na ukuta wetu ni wa kistaarabu, unapitisha kila kitu.

"Mama Brian, mgeni anakuja kutoka Mwanza kuangalia mifugo yangu."

"Anakuja lini?" Matrida alikuwa anamenya ndizi.

"Jumamosi ya mwisho."

"Vizuri. Hata mimi nina wageni siku hiyo. Vifaranga nimeshaagiza, wanafika jioni."

"Watalala wapi?"

"Kwao."

Halafu Matrida akasema, "Sikiliza, Baba Brian, tusigombane. Huyo mgeni ndiye hakimu. Akisema hapa pana kitu cha kuletea watu, vifaranga nampelekea dada yangu, na banda ni lako mpaka Yesu arudi. Akisema hapana, jioni hiyo hiyo vyungu nje, taa ya vifaranga ndani."

"Nimekubali. Ila ukishindwa usilie."

"Nilikuwaga nalia zamani, Baba Brian. Siku hizi nimezoea nacheka. Jirani, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji," nikajibu kutoka upande wangu.

Na kweli bahati ilikuwa na Burito. Siku chache baadaye Mtamba akafungua ua. Kofia ya askofu juu, mistari ya zambarau, mikono imenyooka, kiatu kinang'aa kama kimepigwa kiwi. Nitasema ukweli, lilikuwa zuri. Mimi si mtu wa maua, lakini nilisimama pale nikasahau nilikuja kuazima koleo.

Burito aliita mtaa mzima. Mama mmoja aliuliza kama linaliwa. Fundi pikipiki wa kona alizunguka chungu, akauliza cha mguu wa pili kiko wapi, maana kiatu kimoja hakimfikishi mtu popote. Burito akawasamehe wote, akasema nabii hakubaliki kwao.

Ua la namna ile, likiachwa lilivyo, linakaa wazi hata miezi miwili. Mgeni alikuwa anakuja baada ya wiki na kidogo. Mtu mwenye akili angefanya nini? Angekaa. Angekunywa chai. Angeliangalia ua, ua limwangalie, wote wawili wasubiri Jumamosi.

Lakini ndani ya nyumba alikuwepo Baba Mdogo Leonardi.

Mzee Leonardi ni mdogo wa marehemu baba yake Burito. Alihamia Mwitongo, Butiama, siku nyingi, na ng'ombe zake. Alikuwa amekuja Musoma kutibiwa macho, akafikia Nyasho kwa mwanawe Burito. Macho yana ukungu, lakini ulimi hauna. Akaletewa kiti bandani, akainama mpaka pua ikagusa ua.

"Huyu ndiye Mtamba?"

"Ndiye, Baba Mdogo."

"Ni jike?"

"Hawa wana jike na dume humo humo kwenye ua moja."

Mzee akalinusa ua tena. "Amekwishazaa?"

"Bado."

"Amesimama hivi, amejipamba, amefungua kila kitu, na wewe unamwangalia tu?"

"Ni wa kuangalia, Baba Mdogo."

"Mura, kijana wangu, kwetu hakuna ng'ombe wa kuangalia. Mtamba akiingia joto usipompa dume, umemkosea yeye na umewakosea wajukuu wako."

"Si nimesema dume limo humo humo?"

"Dume la tumbo moja? Huo ni ukoo gani?"

Burito hakulala vizuri. Asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni pa banda, uso umebadilika, kama mtu aliyepewa ujumbe mlimani.

"Jirani, nimefikiri. Yule mama akija akikuta ua, atasema nini? Atasema nimenunua. Ua kila mtu anaweza kununua. Lakini akikuta mimba? Atajua hapa hayupo mtazamaji. Yupo mfugaji."

"Na ua lenyewe halitaharibika?" aliuliza Matrida akipita na ndoo.

Burito akacheka kicheko cha kusikitikia watu wa mjini. "Mama Brian, ng'ombe akishika mimba anaharibika? Ananawiri. Ngozi inang'aa. Mpaka jirani anauliza unamlisha nini."

Hapo ndipo kila kitu kilipoanza kwenda Bunda.

Mwenye dume zuri alikuwa Mugeta. Nikashauri kwa upole kwamba Mugeta anaweza kuja nalo Musoma. Burito aliniangalia kama nimependekeza bibi harusi atoe mahari.

"Umeona wapi dume linatembezwa? Jike ndiye anapelekwa."

Jumapili baada ya ibada tukakodi teksi ya Keraryo. Mtamba alikaa kiti cha mbele, amefungwa mkanda, kichwani ana kitenge cha kumkinga jua. Sisi wanaume watatu, Burito, mimi na Mzee Leonardi aliyekuja kama shahidi wa ukoo, tulikaa nyuma kama mizigo yake.

"Tuta, Keraryo," Burito alikuwa anasema kila baada ya muda. "Polepole. Tuta."

"Mzee," Keraryo alisema tukikaribia njia ya Butiama, "gari hili limebeba maharusi, limebeba wagonjwa, limebeba na marehemu. Hakuna msafara ulionisumbua kama huu. Marehemu alikuwa ametulia hadi raha."

Mugeta alitupokea barazani kwake, mwembamba, anaongea taratibu kama anayehesabu maneno yasije yakaisha. Dume lake lilikuwa juu ya meza, na sitaki kulidharau. Ua jeusi-jekundu, kubwa kama kiganja, manyoya ubavuni, kiatu cha mwanajeshi. Aliliita Fahali.

Pakaja soda, pakaja nyama ya kuchoma, pakaja maneno ya kuulizana hali za ukoo. Mambo hayaanzi hivi hivi. Mwisho Mugeta akafuta mikono.

"Ndugu Burito, kabla hatujaanza kuna kitu kimoja. Hili ua likishapata..."

"Mugeta, mimi ni mtoto wa Nyamuswa. Nimeshika mkia wa ng'ombe kabla sijashika kalamu. Wewe ndiye utanifundisha kupandisha?"

"Sikufundishi. Ila naona mgeni wako anakuja Jumamosi, na..."

"Lete njiti."

Mugeta akaniangalia. Mimi nikaiangalia nyama. Akaleta njiti ya meno.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Mugeta alichokoa nyuma ya ngao ndogo katikati ya Fahali, akatoa kidonge cha ungaunga wa njano unaonata. Burito akakipokea kwa njiti, amebana pumzi, jasho linamtiririka, akakiingiza kwenye ua la Mtamba na kukipaka mahali pake. Mzee Leonardi alisogeza sikio, maana macho hayakumsaidia.

"Tayari?"

"Tayari, Baba Mdogo."

"Imekwisha hivyo?"

"Imekwisha."

"Basi naelewa kwa nini mwaka mzima wanatoa ua moja," mzee alisema. "Hawana cha kukimbilia."

Tulirudi Musoma kwa mwendo wa maandamano. Usiku kundi la simu likatangaziwa kwamba Mtamba ni mjamzito, na hongera za kwanza tatu zikafika haraka sana, unajua zilikotoka.

Jumatatu Matrida aliuliza kama Mtamba amepewa magadi ya kulamba. Alikuwa anatania. Niliona kabisa Burito analipima wazo hilo.

Jumatano kofia ya askofu ikaanza kuinama.

"Kichefuchefu," Burito akasema. "Ya kwanza huwa inasumbua."

Alhamisi mikono ikalegea na kiatu kikapata mikunjo, kama ndara iliyosahaulika juu ya bati.

"Anatamani udongo?" aliuliza Matrida. "Mimi nilikuwaga natamani udongo."

"Mama Brian, hii ni hatua."

Ijumaa mchana, hatua ikaanguka. Ua lote lilichomoka kwenye shina lake likatua juu ya magome, kiatu kikiwa kimeangalia mbinguni. Burito alisimama pale mpaka nikadhani naye amepandwa. Halafu akapiga simu, na kwa haraka aliyokuwa nayo alibonyeza spika, tukasikia wote.

"Mugeta, Mtamba ameangusha ua."

"Pole sana. Na hongera."

"Hongera ya nini?"

"Si ina maana imeshika? Ua ni la kumwitia mdudu, ndugu yangu. Mdudu akishafika, la nini tena? Wewe ulivyopata mke uliendelea kuchomekea shati?"

Matrida, mlangoni, alimtazama mumewe shati kwa namna ya kutoa ushahidi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza. Ukaomba njiti."

Mtu mwingine hapo angekubali. Angemwita mkewe, angesema nimeshindwa, leteni hao vifaranga. Lakini nilikwambia kuhusu lile benchi la mlangoni. Burito hakuwa anapigania banda tu. Alishakwenda Nyamuswa kwa simu akawaambia wazee kwamba watu wanatoka Mwanza na gari zima kuja kuona mali yake, na mzee mmoja alishasema kikao kijacho watamtafutia kiti.

Akafungua droo. Mtu wa nyavu hakosi uzi. Akatoa uzi mwembamba wa nailoni, akatoa gundi, akajifungia bandani na mgonjwa wake mpaka jua linazama.

Jumamosi saa nane mchana gari la wageni likasimama Nyasho. Bi Gloria alishuka wa kwanza: mama mfupi, mabuti ya bustani, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni kama rozari. Nyuma yake wakashuka wapenda maua na kamera zao. Mzee Leonardi alikuwa kwenye kiti. Matrida alisimama kando kwa adabu zote, mkononi ameshika taa ya vifaranga. Hakuiinua, hakuionyesha. Aliishika tu.

Burito alikuwa amevaa suti. Akawapitisha kwa Mabaka, kwa Kipara, kwa Mkia Mfupi, wote majani matupu, akieleza ukoo wa kila mmoja. Wageni wakaitikia kwa heshima. Mwisho akanyoosha mkono kuelekea kona yenye giza kuliko zote.

"Na yule kule ni Mtamba. Tumwangalie tukiwa hapa hapa. Ni mjamzito, hapendi kusogelewa."

"Mjamzito na ua bado limesimama?" Bi Gloria akauliza. "Hiyo sijawahi kuiona." Na akasogea. Watu wa aina ile ukiwaambia wasisogee umewaalika.

Akainama. Akainua kioo.

"Bwana Burito, ua lako limegeukia ukutani."

"Ana aibu."

"Na hiki kinachong'aa hapa shingoni?"

"Umande."

"Saa nane mchana?"

Akaligusa kwa ncha ya kidole. Umande ukakatika, na ua likamwangukia kiganjani, kavu, jepesi, limevaa uzi.

Bi Gloria hakucheka, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza Burito zaidi.

"Ulikuwa umelishika na nini?"

"Na imani," Burito akasema.

"Imani ya nyavu za dagaa," akasema Matrida.

Ikabidi aeleze yote: joto, dume, Bunda, njiti. Bi Gloria alisikiliza mpaka mwisho, akilizungusha ua mkononi.

"Kwa hiyo ulijua nakuja. Ua liko wazi, lingekaa hivyo mpaka nirudi tena hata mara ya pili. Ukalipandisha."

"Nilitaka mkute maendeleo."

"Majani yako ni mazuri, Bwana Burito. Nasema kweli. Lakini nimetoa watu Mwanza, siwezi kuwaonyesha majani. Majani tunayo." Akatazama wenzake, akatazama saa. "Hapa karibu hakuna okidi ya kiatu iliyo wazi leo?"

Burito alilijua jibu. Angelimeza pamoja na chungu chake kabla ya kulitoa. Akaanza kusema habari za ukame. Matrida akamsaidia.

"Ipo. Bunda, kwa baba wa mtoto."

Mzee Leonardi akanyanyuka kwenye kiti. "Kwani hajapelekwa?"

"Nani, Baba Mdogo?"

"Huyu. Kwetu binti akipata mimba hafichwi bandani. Anapelekwa kwa aliyempa, mchana, watu wakiona, na wanaompeleka ni sisi."

"Baba Mdogo, hiyo ni sheria ya watu. Huyu ni wa zizini."

"Zizini wapi? Uliniambia ni ng'ombe, nikakupa sheria ya ng'ombe, ameangusha uso. Kumbe si ng'ombe. Beba chungu."

Kwa wazee wa kwao, Burito hajui kusema hapana. Akabeba chungu.

Tulipanda wote kwenye gari la wageni, ambao hawakuwa wamepata burudani namna hii tangu watoke Mwanza, na Bunda kwa bahati ilikuwa njia yao ya kurudi. Matrida hakuja. Alisema ana wageni wake wa jioni, na tulipokuwa tunaondoka nilimwona anatafuta soketi.

Fahali alikuwa bado amesimama barazani kwa Mugeta, rangi ile ile, manyoya yale yale, hana habari. Ndivyo walivyo. Wageni walimzunguka kwa kamera kama waziri anayekata utepe. Bi Gloria alipiga magoti kumwangalia, akasimama, akasema nyumba ya Mara imepatikana. Mugeta akashukuru taratibu, neno moja baada ya jingine, halafu akamshika Burito bega akamsogeza mbele ya watu.

"Na huyu ni mkwe wangu wa Musoma. Ana majani mazuri sana."

Kikafuata kikao. Mzee Leonardi alikikalia mwenyewe, kwenye kiti chenye mgongo. Uamuzi ulikuwa mfupi: mimba ikishapelekwa hairudi na aliyeileta, kwa hiyo Mtamba anabaki kwa mume mpaka azae na hata akishazaa. Mugeta alikipokea chungu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na kwa kufunga mjadala, kama desturi inavyotaka, akatoa mbuzi wa kuwatuliza wazazi wa binti.

Burito alijaribu kusema kwamba yeye hataki mbuzi, anataka ua lake. Baba Mdogo akamwambia asiaibishe ukoo mbele ya wakwe.

Tulirudi Nyasho kwa kirikuu cha kukodi, mzee mbele, Burito na mimi nyuma na mbuzi, ambaye njia nzima alikuwa anatafuna tai ya suti. Giza lilikuwa linaanza kushika. Banda lilikuwa linawaka taa nyekundu, ndani vifaranga wanapiga kelele kama mnada, na nje, chini ya ukuta, Mabaka, Kipara, Mkia Mfupi na wenzao wamepangwa mstari mzuri kuliko Burito mwenyewe alivyowahi kuwapanga.

Matrida alitufungulia geti. Alimwangalia mumewe, akamwangalia mbuzi kuanzia pembe mpaka kwato, bila haraka.

"Karibuni," akasema. "Na huyu anachanua lini?"